Kuchapa surimono: shairi fupi na kifaa kimoja kwenye karatasi moja

Surimono ni chapa za mbao za Japani ambazo hazikutengenezwa kwa ajili ya soko. Washairi wa mji wa Edo, yaani Tokyo ya leo, walizigharimia wenyewe na kuwagawia marafiki zao, hasa Mwaka Mpya ulipoingia. Wengi wao walikuwa wanachama wa vyama vya kyoka, shairi la mzaha lenye mizani 31, na chapa hizi zilishamiri zaidi kati ya 1800 na 1830 hivi. Kwa kuwa hapakuwa na hesabu ya faida, mchapaji aliweza kutumia kwa wingi karatasi nene, unga wa madini na nakshi za kubonyeza zisizo na wino. Na kwa kuwa mteja alikuwa mshairi, picha haikulazimika kuwa ya mwigizaji wala mrembo. Kubo Shunman (1757–1820), mchoraji aliyekuwa pia mshairi, na wenzake Hokusai, Totoya Hokkei na Yashima Gakutei walichora vitu vya nyumbani vilivyotulia: kisanduku cha wino, vyombo vya chai, makombe ya baharini, mmea kwenye chungu.

Mwongozo huu unatengeneza moja ya kipimo kilichopendwa zaidi, shikishibani, inayokaribia mraba: sentimita 21 kwa 18.5.

Neno kwanza, picha baadaye

Usianze kwa kuchora. Tafuta kwanza neno lenye maana mbili, maana ndilo linalobeba kazi nzima. Kijapani kina maneno mengi yanayofanana kwa sauti, na washairi wa kyoka waliyachezea kama watunzi wa Kiswahili wanavyochezea "kaa" na "paa". Juu ya hayo, kila mwaka una mnyama wake katika mzunguko wa wanyama 12, na ufundi ulikuwa kumleta mnyama huyo bila kumchora. Mwaka 1822 ulikuwa wa farasi. Hokusai akatoa mfululizo wa surimono ambamo farasi hupatikana kupitia vitu, vingine vikimgusa kwa jina tu.

Kwa Kiswahili nafasi hiyo ipo wazi. Mwaka 2027 ni wa kondoo, na herufi ya Kichina inayotumika humjumuisha mbuzi. Nasi tunaye mbuzi asiyepumua: mbuzi ya kukunia nazi. Shairi la mfano, kwa mpangilio wa 5-7-5-7-7:

Mbuzi wa kwetu
majani hayagusi;
ana ulimi
wenye meno ya chuma,
maziwa yake tui.

Upatanisho wa "wa kwetu" na "hayagusi" unampeleka msomaji zizini. Ulimi wenye meno unamrudisha jikoni. Kwa hiyo kwenye picha pasiwe na pembe wala kwato hata za kudokeza. Shairi litaje mnyama, picha ionyeshe kifaa, na anayeshika karatasi aunganishe mwenyewe. Hapa ndipo wengi hukosea: wanaandika shairi linalosifu kile kile kinachoonekana, na matokeo yake ni tangazo la bidhaa. Aliyewahi kuchagua jina la kanga atadhani anaijua kazi hii, na kweli ni jirani zake. Kuna hata kanga za soko la Afrika Mashariki zilizochapwa viwandani Japani katika karne ya 20. Lakini kwenye kanga jina na mchoro huweza kwenda kila kimoja na njia yake. Kwenye surimono kimoja kikiondoka kingine kinakuwa nusu.

Hesabu mizani kwa sikio la mshairi. "Mbuzi" ni mizani 2 kwa sababu mb imeshikamana na irabu. "Mtu" nalo ni 2 kwa sababu m husimama yenyewe. Kijapani hufanya vivyo hivyo na n inayofunga silabi: "shinbun", gazeti, lina mizani 4. Kyoka haina vina. Sikio lililolelewa na vina vya kati na vya mwisho litavitamani, lakini ukivilazimisha ndani ya mizani 31 utalipoteza lile neno la maana mbili.

Sasa panga ukurasa. Kifaa kikae chini, kikiegemea upande mmoja, kisichukue zaidi ya nusu ya eneo. Shairi likae juu upande wa pili, mistari ikianza kwa viwango tofauti kama walivyofanya waandishi wa Kijapani, jina la mtunzi likifuata kwa herufi ndogo zaidi. Andika shairi kwa mkono. Herufi za kompyuta zenye unene usiobadilika hufa zikichongwa, kwa sababu kila mkengeuko mdogo wa kisu unaonekana kuwa kosa. Herufi ndogo zisipungue milimita 4 kwa urefu, na mstari wake usiwe mwembamba kuliko nusu milimita. Anayeandika Kiswahili kwa hati ya Kiarabu, kama tenzi za kale za Lamu na Pate zilivyoandikwa, ana bahati: mistari yake mirefu inayovimba na kusinyaa inafaa sana kisu.

Karatasi na dosa

Karatasi ya asili inaitwa hosho, na hutengenezwa kwa nyuzi za kozo, aina ya mforsadi. Ni nene, laini, na nyuzi zake ndefu huvumilia kuloweshwa na kusuguliwa mara kumi bila kuchanika. Karatasi ya kuchorea ya kawaida itatoa maburungutu kwenye rangi ya tatu. Kata karatasi 15 ili upate chapa 10 nzuri; pembe ya chini kulia lazima iwe nyuzi 90 kamili, kwani ndiyo itakayolinganisha rangi.

Karatasi isiyotiwa dosa hunyonya rangi kama pamba. Dosa ni gundi ya wanyama na shabu. Kwa lita 1 ya maji tumia gramu 15 za gundi ya ngozi na gramu 7 za shabu. Loweka gundi usiku kucha, iyeyushe kwenye chombo kilichowekwa ndani ya maji ya moto bila kuiacha ichemke (ikichemka hupoteza nguvu), yeyusha shabu pembeni kwa maji kidogo ya moto, changanya, kisha chuja kwa kitambaa. Paka ikiwa vuguvugu kwa brashi pana na laini, pande zote mbili, ukianika karatasi baada ya kila upande. Shabu ikizidi, karatasi hukakamaa na baada ya miaka huwa dhaifu. Ikipungua, kingo za rangi hutambaa. Jaribu kwa tone la maji: likikaa juu sekunde kadhaa kabla ya kuzama, dosa imekubali.

Mbao

Wajapani hutumia cheri ya mlimani, ubao uliopasuliwa kufuata nyuzi, kwa sababu ni mgumu, nyuzi zake zimebanana, na haupindiki ovyo ukilowa. Mvule na msaji havifai japo vinapatikana kirahisi: vitundu vyake huonekana kwenye rangi na hukata mistari ya herufi. Plaiwudi ya mti ambao Wajapani huuita shina inatosha kwa mbao za rangi. Kwa ubao wenye shairi tafuta cheri, mpeasi au mti mwingine mgumu wenye nyuzi laini.

Kila ubao uwe sentimita 27 kwa 24 na unene wa 2, uliopigwa randa na kulainishwa hadi ung'ae. Pande zote mbili hutumika. Kwa mbuzi yetu tunahitaji nyuso sita, yaani mbao tatu: ubao mama wenye shairi na mistari ya kifaa, kahawia hafifu ya kiti, kivuli chini ya kiti, kahawia nzito ya kifuu, ulimi wa chuma, na uso wa kubonyeza bila wino kwa nyama ya nazi. Rangi mbili zinaweza kukaa uso mmoja zikiachana kwa sentimita 3 au zaidi.

Chora na andika kila kitu kwa wino mweusi kwenye karatasi nyembamba sana ya Kijapani, pamoja na alama za kento. Kento ni mbili: ya pembe, chini kulia, na ya mstari, chini kuelekea kushoto, kiasi cha theluthi mbili ya upana kutoka kwenye ile pembe. Hizo ndizo zitakazoshika karatasi kila rangi inapoingia.

Paka ubao, si karatasi, utando mwembamba wa gundi ya uji wa mchele. Laza mchoro ukiwa umefudikizwa, wino ukigusa mti, na ulainishe kwa kiganja kutoka katikati kwenda nje. Kwa njia hii shairi linageuka lenyewe na litasomeka sawasawa likichapwa. Anayebandika uso ukitazama juu atachonga siku tatu na kupata shairi la kusomwa kwenye kioo. Gundi ikikaribia kukauka, sugua mgongo wa karatasi kwa ncha za vidole vyenye unyevu kidogo hadi tabaka la juu litoke kama nywele, kisha pitisha tone moja la mafuta ya kupikia. Mistari itang'aa kupitia utando uliobaki.

Kuchonga

Kisu kinashikwa kama jambia, ngumi ikiwa imefunga mpini na vidole vya mkono wa pili vikiongoza ncha. Kiinamishe kidogo nje ya mstari, ili mstari uwe na kitako kipana kuliko kichwa. Mstari wenye kuta zilizosimama wima au zilizochimbwa kwa ndani huvunjika inapopita bareni, kile kisahani cha kusugulia mgongo wa karatasi wakati wa kuchapa. Kata kina cha milimita 1 hadi 2 upande mmoja, geuza ubao, kata upande wa pili. Kisha patasi ndogo ya mviringo isafishe milimita 3 kando ya mstari, na patasi kubwa imalizie maeneo mapana hadi kina cha milimita 5. Kina hicho kinaonekana kingi, lakini karatasi yenye unyevu hulegea, na pasipochimbwa itashuka na kuokota wino.

Kwenye herufi, toa kwanza matumbo ya a, e na o, ndipo ukate nje. Ukianza na nje, kuta nyembamba hazina kinachozishika na herufi hubomoka. Nukta za i, na zile za hati ya Kiarabu, ziache na kitako kipana kama kichuguu. Kipande kikiruka, kirudishe papo hapo kwa gundi ya mbao. Kama kimepotea, chimba shimo la mraba, gongomea kigingi cha mti huohuo na uchonge upya. Noa kisu mara kwa mara kwenye kinoo cha maji. Kisu butu hakikati nyuzi, kinazisukuma, na mstari hutoka na manyoya.

Kento zichongwe mwisho, kwa patasi bapa kali, kina cha milimita 1 tu. Ikiwa ya kina zaidi, karatasi hujikunja ndani yake na kila chapa hukaa mahali tofauti.

Ubao mama ukimalizika, chapa nakala tano kwenye karatasi nyembamba, alama za kento zikiwemo, na ubandike kila moja kwenye uso wa rangi kama ulivyofanya mwanzo. Zibandike zote kwa unyevu ule ule. Karatasi hupanuka ikilowa, na milimita moja ya tofauti hapa ndiyo ule ukingo mweupe utakaouona kati ya kifuu na mstari wake.

Kuchapa

Jioni iliyotangulia, pitisha brashi ya maji kwenye karatasi moja, weka kavu juu yake, kisha yenye maji, hadi zote 15 zimelalana. Zifunge kwenye plastiki chini ya ubao mzito. Asubuhi unyevu utakuwa umesambaa: karatasi iwe baridi ikigusa shavu, lakini isiwe na mng'ao wa maji. Yenye kung'aa irudishe kati ya kavu mbili.

Gundi ya kuchapia ni gramu 10 za unga wa mchele kwa mililita 90 za maji, upikwe huku ukikoroga hadi uwe kama kamasi angavu, kisha uchujwe. Kwenye ubao weka rangi ya maji kiasi cha kijiko cha chai, na gundi ya ukubwa wa punje ya kunde. Sambaza kwa brashi yenye nywele fupi ngumu, kwa miduara, ukimalizia kufuata nyuzi za mti. Ubao uonekane kama mahameli, si kama dimbwi. Laza karatasi: pembe kwenye kento ya kulia kwanza, ukingo kwenye ya kushoto, ndipo uachie.

Bareni ni kisahani cha kipenyo cha sentimita 12 au 13, chenye ndani mkunjo wa kamba ya gamba la mwanzi na nje kimefungwa kwa gamba lenyewe. Nguvu itoke begani, si kwenye kifundo cha mkono. Bareni iende kwa zigizaga fupi hadi pembeni. Ifute na kitambaa chenye mafuta kidogo kila karatasi tatu ili iteleze. Mgongo wa kijiko cha mbao unatosha kwa herufi, lakini kwenye eneo pana huacha mistari.

Rangi ikitoka na madoadoa kama ufuta, ama karatasi imekauka, ama gundi ni kidogo, ama mkono ni mwepesi. Ongeza kimoja kwa wakati ili ujue kilichokosekana. Mistari ikiwa na ndevu za wino pembeni, rangi imezidi. Karatasi ikigoma kubanduka, gundi imezidi. Na ikiwa chapa tano za kwanza ni hafifu, vumilia: ubao mkavu hunywa rangi kabla ya kuanza kuitoa.

Ubao mama huenda kwanza, kwa wino wa masizi. Kisha rangi hafifu kabla ya nzito. Kahawia ya kiti tengeneza kwa bengara, nyekundu ya kutu ya chuma, na wino kidogo. Kwa buluu, tumia buluu ya Prussia, ambayo wachapaji wa surimono waliikumbatia mapema. Acha bizari ya manjano: inapendeza siku ya kwanza, lakini mwanga huila haraka. Kwa kivuli, lowesha uso wa ubao kwa kitambaa, tia rangi upande mmoja tu wa brashi na uipitishe kwa mstari mmoja, upande wenye rangi ukielekea kitini. Rangi itafifia yenyewe kuelekea kwenye maji.

Madini na nakshi kavu

Hapa ndipo surimono inapojitenga na chapa nyingine, na ndipo haraka inapoharibu kazi ya wiki.

Ulimi wa mbuzi utakuwa wa unga wa bati. Chapa kwanza kijivu mahali pake ili unga usiache mianya myeupe. Kisha paka ubao huo gundi ya ngozi ya moto, gramu 1 kwa mililita 10 za maji, chapa kwa kukandamiza kidogo tu, na mara moja nyunyiza unga kwa brashi laini kavu. Gundi ikipoa huganda na unga haushiki, kwa hiyo pasha ubao kidogo na ufanye karatasi moja kwa wakati. Acha ikauke kabisa, kesho yake ndipo upanguse ziada kwa pamba. Vaa barakoa, unga huo haufai mapafuni. Kwa rangi ya dhahabu tumia unga wa shaba ya manjano juu ya manjano ya udongo. Fedha halisi huwa nyeusi kwa kupita miaka, kama inavyoonekana kwenye chapa za zamani.

Mwisho kabisa ni karazuri, kuchapa bila wino. Wajapani waliitumia kwa theluji, manyoya ya ndege na kitambaa cheupe; kwa mbuzi yetu ni nyama ya kizio cha nazi na chembe zilizodondokea bakulini. Chonga uso huu kwa kina cha milimita 2, kingo ukizizungusha kwa msasa laini, maana kingo kali hukata karatasi. Lowesha upya karatasi kwa mvuke au kwa kuzifunga na karatasi yenye unyevu kwa saa mbili, ukikwepa kugusa bati. Laza, kisha kandamiza kwa kiwiko kilichofunikwa kitambaa laini, ukizungusha uzito wa mwili taratibu. Wachapaji wa Edo walitumia kiwiko hasa, kwa sababu nyama ya mkono huingia kwenye mabonde ambayo bareni ngumu inayavuka. Karazuri ikitangulia rangi, kila bareni inayofuata itaisawazisha na hutaona kitu.

Kausha chapa zikiwa zimelazwa kati ya karatasi za kunyonya, bila uzito juu, ukibadilisha karatasi hizo baada ya saa 12. Ukizibana kati ya mbao, nazi italala. Usizifunge kwenye fremu yenye kioo kinachogusa. Mpe mtu aishike mkononi na aiinamishe karibu na dirisha au taa iliyo pembeni. Mwanga ukitoka mbele, nazi haionekani kabisa, ukitoka ubavuni inachomoza, na ulimi wa bati unawaka juu yake.